Bunduki ya Mke Mwenzangu

Bunduki ya jirani yangu ikilia, mimi nasonya. Nilisonya jikoni, nilisonya shambani, na siku moja nilisonya katikati ya rozari, Mama Maria anisamehe. Mume wangu yeye aliacha chochote alichoshika, iwe jembe au kikombe cha chai, akageuza uso upande wa bondeni na kusema, "Huyo hakosi." Kisha akatulia hivyo hivyo anasikiliza, tabasamu limemkaa usoni. Tabasamu lile nililijua. Lilikuwa langu wakati tunachumbiana, na sikumbuki kumpa mtu ruhusa ya kulichukua.

Ngoja nianze vizuri, msije mkadhani nina wazimu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa: ruksa mitumba, ruksa duka kila kona, ruksa wafanyabiashara kuja na malori yao kununua mahindi mlangoni kwa mkulima. Na ruksa watu kupunguzwa kazi pia. Mume wangu alikuwa karani wa ghala kwenye chama cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kukagua mazao ya wakulima na kutamka hili daraja la kwanza, hili la pili, hili rudi nalo nyumbani. Chama kikayumba, makarani wakaambiwa asanteni sana, nendeni. Tukapangisha nyumba yetu ya Mfaranyaki, tukahamia shambani nje ya mji wa Songea, upande wa barabara ya kwenda Namtumbo, kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake. Watoto walikuwa shule za bweni. Tukabaki wawili na mahindi yetu.

Wenzangu wa jumuiya walinipa pole. Mimi moyoni nilikuwa nashangilia. Miaka yote ile nilikuwa nagawana mume na ghala. Alikuwa akirudi jioni macho yamechoka kwa kuangalia punje za watu. Sasa nikasema basi, huyu ni wangu, ataniangalia mimi. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka kwenye maisha yale mapya, na sidhani kilikuwa kikubwa.

Kumbe shamba lilikuwa na wenyewe. Asubuhi ngedere, wamekaa mtini wanasubiri tuondoke. Mchana nyani, baba, mama na watoto, wanavunja mahindi na kuyabana kwapani. Kicheche alituachia kuku wawili tu, tena majogoo. Na giza likiingia, nguruwe pori. Hao ndio kiama chenyewe. Nguruwe hali hindi moja akashukuru. Anaangusha mstari mzima, anagaragara juu yake, na kesho anakuja na ukoo. Tulipiga madebe mpaka mikono ikaota sugu. Nilifunga kanga zangu kuukuu kwenye vijiti kuwatisha, na nikamwona ngedere mtini na kanga yangu moja, ile yenye maneno ya mahaba.

Ndipo jirani yetu wa bondeni alipojitokeza na bunduki yake.

Alikuwa mjane, rika langu, mfupi kama mimi, ila yeye alikuwa na kiuno. Mhehe wa Iringa, aliyeletwa Songea na mumewe, na mumewe akamfia huku. Marehemu alimwachia shamba, mbwa watatu, na shotigani ya mitutu miwili ambayo polisi walikuwa wamehamishia kibali kwa jina lake. Na alikuwa na shabaha, hilo siwezi kumnyima hata nikifa kwa chuki. Siku ya kwanza alikuja mchana, akasimama kwenye ukingo wa shamba letu, akafyatua mara moja, nyani dume akaanguka na wenzake hawakuonekana kwa wiki nzima. Mume wangu alipiga makofi. Mtu mzima, karani wa zamani, anapiga makofi kama mtoto kwenye mazingaombwe.

Sasa, sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaonelea afadhali wachekane. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua jogoo, akakutukania ukoo, na msibani akalala kwenye kaburi lako na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka wewe.

Kwa hiyo yule mama akawa anaingia uani kwangu na bunduki begani, anapaza sauti, "Mume wangu! Hiki kizee cha Kingoni kimekupikia leo, au nikuletee mimi?" Na kwangu, "Mke mwenzangu, hujambo?" Mume wangu anamjibu, "Funga mbwa wako kwanza mke mdogo, usije ukawala." Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, basi wanacheka mpaka wanashikilia mbavu. Mke mdogo! Mbele yangu, nyumbani kwangu, huku mimi ndiye ninayewasha moto wa chai ya huyo mke mdogo. Nami nilicheka. Nilicheka kwa meno tu, na meno hayana habari na moyo.

Nguruwe ndio walionimaliza. Nguruwe haendewi na mtu mmoja. Mmoja anashika bunduki, mwingine anasimama nyuma ya bega lake na tochi. Nguruwe akishamulikwa macho anapigwa. Enzi za uhai wake marehemu ndiye alikuwa akimshikia mkewe tochi. Sasa amekufa, nani atashika? Mnajua jibu. Mume wangu, ambaye nikimtuma kuni jioni anasema anaogopa nyoka, alikuwa akikesha na tochi yake kwenye mahindi ya yule mama na kwenye mahindi yetu, mpaka umande unamlowesha suruali.

"Unasimama wapi ukimshikia?" nilimuuliza asubuhi moja.

"Nyuma ya bega."

"Bega lipi?"

"La kulia. Bega nalo lina maswali, mama watoto?"

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu kiasi cha mwanga kufika."

"Mwanga unafika hata ukisimama Namtumbo."

Akacheka. Alidhani nafanya utani. Ndivyo alivyokuwa mume wangu. Mtu aliyeweza kuona punje moja iliyooza kwenye gunia zima, lakini mke wake akioza kwa wivu pembeni yake, haoni.

Sikusema kitu, kwa sababu mahindi yalikuwa yanaokoka. Hilo nalo lilikuwa linaniuma. Kila mstari uliosimama nilijua umesimamishwa na mwanamke mwingine. Nikipita katikati ya mahindi yangu mwenyewe nilijiona kama mgeni.

Basi, mume wangu akasema tumshukuru, tumwalike chakula Jumapili baada ya misa. Nikasema sawa. Nikachinja jogoo, nikamuunga kwa nazi niliyoinunua sokoni mjini, nikapika na wali, chakula cha sikukuu kabisa. Kwetu firigisi haina mjadala. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mke anaiweka juu ya bakuli aione, na yeye anaila au anamkatia mtoto anayempenda. Tangu niolewe nilikuwa nimemwekea mume wangu firigisi ya kila kuku niliyempika, na haikupotea hata moja.

Niliiweka juu ya bakuli. Mume wangu akaitazama, akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono kupita sahani yangu, akaiweka kwenye sahani ya yule mama. "Leo mwanaume wa nyumba hii ni huyu," akasema.

Yule mama akapiga kelele, "Aa, mume wangu, mke mwenzangu atanitoa macho!" Nikasubiri airudishe. Hakuirudisha. Aliitia mdomoni. Firigisi ya jogoo ni ngumu, inataka kutafunwa, na yeye hakuwa na haraka. Mume wangu alikuwa anamtazama anavyotafuna, kafurahi, na mimi nimekaa katikati yao na paja la kuku ambalo sikuliomba.

Ningeweza kuvumilia mengi. Lile sikuweza, na wala sikujaribu. Nilipokuwa naosha vyombo nilivunja sahani moja kwa makusudi, na haikunisaidia. Watu husema wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda; nilikuwa nakula kwa hasira, nikanenepa.

Siku chache baadaye akaja tena, bunduki begani, mbwa nyuma. "Hodi kwa mke mwenzangu! Mume wetu yuko wapi?" Nilikuwa napepeta mahindi. Niliweka ungo chini, nikafuta mikono, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mtu ambaye si wa huku hataelewa nilichofanya. Ningemtukana angecheka, maana tusi la mtani ni salamu. Ningemrushia ungo angeukwepa na kunidai jogoo wa faini. Lakini mtani haamkiwi kwa shikamoo. Heshima ni ya watu baki, ya mama mkwe, ya wakubwa usiowazoea. Nilikuwa nimemfungia mlango na kumwacha nje, na kwa adabu zote.

Alisimama mdomo wazi. Nikaona anatafuta mzaha wa kunijibu, hakuupata. "Marahaba," akasema polepole, kisha akawaita mbwa wake, akarudi bondeni. Nikaokota ungo nikaendelea kupepeta. Sikumbuki kazi nyingine ya nyumbani iliyowahi kunipa raha kama ile.

Jioni mume wangu akaniuliza, "Umemfanya nini mtani wangu? Nimekutana naye njiani kaniita baba."

"Nimemwamkia. Kuamkia ni kosa siku hizi?"

Kutoka siku hiyo tochi ikakaa juu ya kabati.

Na nguruwe wakarudi. Hawa hawakuwa na habari na firigisi wala shikamoo. Mahindi yalikuwa yamefikia ya kuchoma, yale yanayotoa maziwa ukiyabonyeza, na nguruwe anayapenda hayo kuliko yote. Asubuhi tulikuwa tunakuta sehemu nzima imelazwa. Mume wangu alikuwa anazunguka na mikono nyuma, macho yake yanateleza kwenda bondeni. Nilijua kinachokuja. Ataniambia nikamwombe radhi, na mimi nitalazimika kumwona yule mama akipanda tena kilima na kiuno chake.

Nikamuwahi. "Tununue bunduki yetu," nikasema.

Alinitazama. Alinitazama hasa, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Nikapata nguvu. Nikasema kibali kiandikwe kwa jina langu, kwa sababu yeye tulishamwona. Siku moja mtani wake alimpa bunduki ajaribu, akafumba macho yote mawili na kuua mti wa mpapai.

Tukaenda mjini kwa Bwana Nyama, ndivyo watu walivyomwita ofisa wa wanyamapori. Mtu mwenye kofia iliyoegeshwa upande na maneno mengi, anayejisikiliza akiongea.

"Mama, bunduki haichaguliwi kwa uzuri," akaanza. "Bunduki inachaguliwa kwa adui. Niambie, unataka kumuua nani?"

Nilikaribia kumjibu ukweli. "Nguruwe," nikasema.

Akatupa majina ya watu wawili waliokuwa wanauza silaha zao kihalali, na akatuahidi kuja kukagua tutakachochagua kabla hajatuandikia barua ya polisi. Ya kwanza ilikuwa gobori la mzee mmoja wa njia ya Namtumbo. Gobori linalishwa kwa mdomo wake: unatia baruti, unashindilia, unatia gololi, unashindilia tena, ndipo unamtafuta nguruwe. Mzee alitufyatulia moja tuone. Moshi ulituziba wote watatu, na tulipoonana tena mume wangu alikuwa anakohoa na mzee anatafuta kofia yake.

"Na ukikosa?" nikamuuliza mzee.

"Ukikosa, binti yangu, unamwomba akusubiri."

"Daraja la tatu," mume wangu akaninong'oneza njiani. Nilicheka sana, na yeye akacheka, na tukatembea muda mrefu tukimwigiza yule mzee. Safari ile ilikuwa nzuri. Kama nguruwe wangejua walinipa nini siku ile, wangekuja kudai.

Ya pili nilitaka niipate hata kwa kuuza mabati. Ilikuwa ya mkulima mmoja wa tumbaku aliyekuwa anahama, bunduki ndefu ya risasi moja moja, ile wanayoiita raifo, ya kuwindia nyati na wanyama wakubwa. Mbao yake ilikuwa imepakwa mafuta mpaka inang'aa kama meza ya paroko. Mwenyewe alisema inaua mnyama akiwa ng'ambo ya mto, na mlio wake unasikika vijiji viwili. Nilipousikia huo mlio masikioni mwangu, nikamwona na yule mama bondeni ameacha kikombe chake, kageuza uso upande wetu, ananyamaza. Ya kwake ingekuwa fataki za Krismasi mbele ya hii.

Kitako kilikuwa kirefu mno. Nilipoiweka begani mkono haukufika vizuri kwenye kifyatulio, na kichwa kilibidi nikinyooshe kama twiga. Sikujali. Nilisema inanikaa sawasawa. Mume wangu akaipapasa ile mbao, akaigeuza, akaikagua kama alivyokuwa akikagua tumbaku. "Hii," akasema, "ni daraja la kwanza."

Bwana Nyama alipokuja shambani kwetu kukagua, tulimweleza habari za ile raifo, wala hakutaka kuiona. Alitazama pande zote za shamba.

"Risasi ya hiyo haikai kwenye nguruwe," akasema. "Inampita, inaendelea na safari zake mpaka ikutane na kitu kingine. Kule bondeni, lile paa la bati, ni kwa nani?"

Nikainama kung'oa gugu.

"Nauliza, mama, ni kwa nani?"

"Kwa jirani," nikasema.

Mungu wangu! Wivu ninao, siukani, ila haukuwa wa kiasi hicho. Yeye akaendelea kuhutubia, kwamba kwenye shamba lililozungukwa na watu kinachofaa ni shotigani. Marisau, zile chembechembe za risasi, makubwa kwa nguruwe wa karibu, madogo kwa ngedere na kicheche, na yote yanachoka haraka yakaanguka hapo hapo shambani. "Na mna bahati," akamalizia. "Nzuri kabisa iko hapo hapo chini. Huyo jirani yenu amekuja ofisini kuniambia anaiuza. Anarudi kwao Iringa."

"Anaondoka?" mume wangu akauliza.

Neno moja tu. Lakini mimi ndiye mkewe, na nilisikia jinsi lilivyomtoka. Bwana Nyama alikuwa anaongelea mitutu, mimi nilikuwa nasoma uso wa mume wangu mstari kwa mstari, na sikupenda nilichosoma.

Nilikataa kwa siku kadhaa. Nilisema heri nguruwe wale mpaka mabua. Nguruwe wakanisikia, wakala. Mwisho ilibaki sehemu ya juu tu, na hiyo ndiyo ilikuwa ada ya watoto na chakula chetu cha mwaka. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikamwambia mume wangu twende.

Tulimkuta uani kwake anafunga vyombo kwenye magunia. Shamba lake nilikuwa sijaliona tangu nimwamkie. Lilikuwa limelala chini lote. Alikuwa amejaribu kufunga tochi kwenye mtutu kwa mpira wa baiskeli, akatuonyesha, ila kila akifyatua tochi inaruka na giza linarudi. Alituhadithia bila kulalamika. Yule mama alimwita mume wangu baba, mimi alinikaribisha kiti. Hakuna mke mdogo, hakuna utani wa mbwa, wala wa Wangoni waliokuja kwa miguu kutoka kusini wakachokea hapa. Mume wangu alikaa kama aliyefiwa. Nilikuwa nimeshinda, na nilikaa kwenye kile kiti kama mshindi.

Akaileta. Mume wangu akaipokea kwanza, mwanaume ni mwanaume. Alipoiweka begani, kitako kilimwingia kwapani na dole gumba lake mwenyewe likampiga puani. Akajaribu tena, pua tena, mpaka machozi yakamtoka.

"Hiyo haitakukaa, baba," yule mama akasema. "Mpe mama."

Nikaichukua. Nilikuwa nimejiandaa kuitoa kasoro. Nikainyanyua, ikaja begani yenyewe. Shavu likalala mahali pake, kidole kikakuta kifyatulio bila kukitafuta. Sijawahi kuvaa hata kiatu kilichonikaa namna ile. Nikaishusha nikakitazama kitako, na nikaona kimekatwa. Mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa msumeno, ukapigwa randa, ukavalishwa kipande cha ngozi.

"Nani aliiharibu hivi?" nikauliza.

"Marehemu," akasema. "Ilikuwa yake. Ilikuwa ndefu, nilipojaribu ilinitupa chini, bega likawa jeusi. Nikamwambia basi, mimi nitakaa nyumbani. Akasema hapana, bila wewe nani atanisindikiza? Akanipima mkono kwa kamba, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole, akakikata kitako. Ndugu zake walimgombeza sana. Walimwambia ameua bunduki, hatakuja kuitumia tena yeye mwenyewe. Na kweli, hakuitumia tena. Alikuwa ananishikia tochi."

Alisema hayo huku anafunga fundo la gunia. Hakuwa ananisuta. Ningependa kusema alikuwa ananisuta.

Nilisimama pale na bunduki yake, na roho iliniuma kuliko siku ya firigisi. Yote niliyomwonea wivu kabla ya hapo, kiuno, shabaha, kicheko cha mume wangu, yalikuwa yanarudi yakinitazama kama vitoto. Kumbe kile cha kuonewa wivu kilikuwa kwenye kipande cha mbao kilichotupwa jikoni kwake, siku nyingi kabla sijamfahamu, kikachomwa pamoja na kuni. Alikuwa na mtu aliyempima mkono. Nilimwonea wivu kwa ajili ya maiti, na sikuona aibu.

"Inakufaa?" mume wangu akaniuliza.

"Inanifaa," nikasema.

Karatasi za polisi zilipokamilika, kwa jina langu, tulirudi kuichukua. Yule mama alikuwa anaondoka na basi la kesho yake. Alinipa na zile risasi zilizobaki, akanishika mkono, akamshika mume wangu mkono, hakuna aliyetania. Tukaanza kupanda kilima kurudi kwetu. Tukafika katikati ya njia. Mimi nilikuwa na swali, na nilijua ni la kijinga, na nilijua nitaliuliza.

"Baba," nikamwita.

"Naam, mama."

"Ile bunduki ya mkulima wa tumbaku. Tuseme ingefaa, tukainunua. Kitako kilikuwa kirefu kwangu, sikukwambia. Ungenikatia?"

Akasimama. Mume wangu si mwongo, na ukimuuliza kitu anakifikiria. Akanitazama, akaitazama bunduki, akanitazama tena, na nikaona anajitahidi kwa moyo wake wote kunipa jibu zuri.

"Kukata mbao ile? Hapana, mama watoto," akasema kwa upole. "Ukikata kitako, bunduki inashuka thamani."

Nikaihamishia bunduki kwenye bega la pili, nikatangulia. Yeye alinifuata nyuma, na mpaka tunafika nyumbani hakuniuliza kwa nini natembea haraka.